Kifua Kimoja, Watoto Wawili

Newala,
10 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habari za Chiwata? Magoti yanasemaje na kipupwe hiki? Mikorosho imeanza kuchanua? Sisi huku wazima, ila ni uzima wa kuushika kwa mikono miwili, kama utakavyosoma.

Nakuandikia kwa sababu kukupigia ni kazi bure. Simu yako ilitumbukia kwenye ndoo mwezi wa nne, na dada Mabel anasema umegoma kununua nyingine, ati kiziwi anunue simu ya nini. Haya. Basil wa gari la mikate amekubali kuwa posta yetu. Jumanne na Ijumaa anapanda huku kutoka Masasi akipitia hapo Chiwata, na anarudi siku hiyo hiyo.

Baba, nimejifungua. Mapacha, wa kiume na wa kike, tarehe kumi na nane Mei, wakiwa na miezi saba tu tumboni. Tulikaa hospitali wiki tatu, juzi wameturuhusu. Wa kiume ni Yeremia, wa kike ni Yuliana, jina la mama mkwe wangu. Yuliana amefika kilo moja na mia nane. Yeremia ana kilo moja na mia sita. Ukitoka dukani na kilo mbili za sukari, umebeba zaidi ya mjukuu wako.

Manesi wamenifundisha kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, kwa kuwa watoto hawa bado hawajui kujitengenezea joto. Mmoja anakaa kwangu, mwingine kwa mama mkwe. Tunazunguka humu ndani tumefungwa kanga, yeye ananiambia natembea vibaya, mimi namwambia anaongea sana. Baba yao, Ladislaus, yuko Tunduru kwenye ujenzi wa barabara, mkataba wake haumwachii mpaka Agosti.

Sasa swali. Huku asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na mgongo wangu umechoka jamani. Nakumbuka kwenye daftari lako la zamani la somo la joto palikuwa na mchoro wa sanduku, chupa za maji moto pembeni, na katikati umeandika "mtoto". Nilikuwa darasa la tano. Nilipokuuliza, ulilifunga daftari. Nataka kulitengeneza hilo sanduku. Chupa ziwe ngapi? Maji yawe ya moto kiasi gani?

Najua wewe si mtu wa vichanga. Mama alikuwa akisema hukuwahi kunibeba mpaka nilipoweza kutembea mwenyewe. Basi sikuombi umbebe mtu. Naomba hesabu tu.

Binti yako,
Huruma

*

Chiwata,
13 Juni 2024

Binti yangu Huruma,

Marahaba. Hongera sana, Mama Mapacha. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Magoti yapo, yananikumbusha umri kila nikiamka. Mikorosho imechanua vizuri, wiki ijayo napuliza salfa, dawa ya kukinga maua. Msalimie mama mkwe wako, mwambie asante kwa kifua chake.

Umeuliza hesabu, nakupa somo, maana hesabu bila somo haisaidii. Joto halikai. Siku zote linatoka penye joto kwenda penye baridi, na safari hiyo haina kurudi nyuma mpaka vitu vyote viwili vilingane. Linasafiri kwa njia tatu. Kwanza mpitisho, yaani kwa kugusana. Usimlaze mtoto kwenye kitu baridi hata kwa kumbadilisha nepi, kile kitu kitakula joto lake. Pili msafara, linabebwa na hewa. Ziba nafasi chini ya mlango kwa gunia, na kichwani wavae kofia saa zote. Tatu mnururisho, hilo husafiri bila kubebwa na chochote, kama la jua. Ukuta wa nje ukiwa baridi, mtoto anaupa joto lake hata kama hajaugusa. Sogeza kitanda.

Jingine ambalo watu hawalijui: blanketi halina joto hata chembe. Linazuia tu lile lililopo. Ukilifunika jiwe, litaamka jiwe. Mtoto asiyejitengenezea joto, hata umfunike mablanketi kumi, ni bure. Anahitaji mwili wa mtu.

Kuhusu sanduku na chupa: hapana. Usifanye, na usiniulize.

Baba yako,
Mwalimu Walter

*

Newala,
17 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Gunia nimeziba, kitanda nimesogeza, kofia wamevaa. Asante kwa somo. Mama mkwe anasema wewe ungekuwa padre, watu wangelala kanisani.

Lakini sasa hacheki tena. Tangu Ijumaa ana homa na kikohozi cha kifua, na nesi amemkataza kuwasogelea watoto mpaka apone. Kwa hiyo nimebaki peke yangu. Nimejaribu kuwafunga wote wawili pamoja, Yeremia akateleza chini akanyamaza, nikamkuta mdomo umegeuka buluu kidogo. Sirudii. Sasa nawapokezana. Mmoja akiwa kifuani, mwingine nimemzungushia mablanketi, nami nimesoma kwa mwalimu wangu mwenyewe kwamba mablanketi hayana joto. Nikimgusa miguu, baridi. Nabadilisha. Nikimgusa yule mwingine, baridi. Sijui nalala saa ngapi.

Baba, njoo. Hujui kubembeleza, usibembeleze. Husikii wakilia, ndiyo vizuri, utakaa kimya. Mimi nahitaji kifua chenye joto, na wewe unacho. Basil anarudi huku Ijumaa, kiti cha mbele kiko wazi, nimeshamuuliza.

Binti yako anayekusubiri,
Huruma

*

Chiwata,
20 Juni 2024

Binti yangu Huruma,

Marahaba. Pole sana, na pole kwa mama mkwe wako, Mungu amponye.

Nimefikiri sana juu ya maneno yako. Ijumaa ndiyo siku niliyopanga kupuliza salfa, na mikorosho haisubiri. Tena kwetu, unajua, baba hakai siku nyingi nyumbani kwa binti aliyeolewa, sembuse kuvua shati mbele ya mama wa mumewe. Watu wa Ladislaus watasemaje? Tafuta jirani mwanamke, mtu mzima, mwenye afya.

Nakutumia mayai trei moja na blanketi la marehemu mama yako, lile la sufu la kijani. Lilimfaa sana.

Chupa usitumie. Nimekwisha kusema.

Baba yako,
Mwalimu Walter

*

Newala,
21 Juni 2024

Baba,

Shikamoo.

Mayai tumeyapokea. Blanketi nalirudisha kwa gari hili hili. Halina joto, umesema mwenyewe.

Majirani nimewaomba. Wana watoto wao na mashamba yao. Jirani yangu Hamida anakuja asubuhi kunisaidia kufua nepi, anataka hata kumbeba Yeremia, lakini naye ni mjamzito wa miezi minane. Watu wa Ladislaus wasingesema chochote, wangekuchinjia kuku. Sema hutaki.

Umenikataza chupa mara mbili na hujaniambia kwa nini. Mimi si mwanafunzi wako. Nimepata chupa sita za soda na boksi la mbao. Nitazitumia.

Huruma

*

Chiwata,
22 Juni 2024

Mwanangu Huruma,

Salamu nyingi. Leo sitakuuliza afya wala kukueleza magoti. Umeuliza kwa nini. Nakujibu.

Mabel si mtoto wetu wa kwanza. Mwaka 1983 mama yako alijifungua mtoto wa kiume, miezi saba, mdogo kama huyo wako. Jina lake Cecil. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu mpya, chaki mfukoni na kiburi cha kujaza ndoo. Mama yangu, bibi yako Sabina, alifungua kanga akasema, "Mlete huku nimlaze kifuani." Nikamwambia, "Mama, hayo ni ya kizamani, utamwambukiza." Nikachukua sanduku lililoleta vifaa vya maabara, nikalipasha kwa chupa za maji moto, nikachora, nikapiga hesabu. Kila baada ya saa mbili nabadilisha maji. Siku kumi na nane lilifanya kazi. Wenzangu walikuja kuliona. Nilijisikia sana.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa na vipindi viwili mfululizo kuanzia saa mbili asubuhi. Somo lilikuwa joto linavyosafiri. Nikajaza chupa, nikafunika, nikawaambia mama yako na bibi yako wasifungue sanduku mpaka nirudi, maana wakifungua joto litatoka. Walinitii. Hilo ndilo linaloniua, Huruma, kwamba walinitii.

Darasa lilinoga. Kengele ilipolia, mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini sakafu ya saruji ni baridi kuliko mkeka wakati vyote vimelala chumba kimoja. Swali zuri. Nikabaki ubaoni nikimwelezea, swali likazaa swali, muda ukanipita. Nilirudi nyumbani saa tano. Wamekaa kwenye mkeka, bibi yako mikono mapajani, wote wanalitazama sanduku. Nikafungua. Chupa zilikuwa zimepoa, na mtoto alikuwa amepoa. Chupa ikishakuwa baridi kuliko mtoto haimpi kitu tena, inamnyang'anya. Jambo hilo nilikuwa nimeliandika ubaoni asubuhi ile ile kwa mkono huu.

Bibi yako hakunilaumu. Alimtoa, akamweka kifuani, akakaa naye hivyo mpaka jioni tulipokwenda kumzika. Nadhani alitaka tu kunionyesha pahali pake palikuwa wapi. Mama yako walimwita Mama Cecil siku zile kumi na tisa. Nikakataza jina hilo lisitajwe tena nyumbani kwangu, mpaka alipozaliwa dada yako wakapata la kumwita. Kutoka hapo sikushika tena kichanga. Mabel sikumshika. Wewe sikukushika. Mlidhani ni ukali. Nilikuwa naogopa mikono yangu.

Watu husema majuto ni mjukuu. Kwangu yalianza kwa mwana.

Acha chupa. Kama umekwisha kuanza, acha leo.

28 Juni. Naongeza. Barua hii ilikuwa tayari Jumanne. Basil alisimama, akapiga honi, akashuka mpaka kunishika bega. Ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikamwambia sina barua. Sijui nilikuwa namficha nani. Leo nampa. Shamba nimeliacha. Kama bado unanitaka, sema neno moja, nitakuja.

Baba yako

*

Newala,
28 Juni 2024

Baba,

Basil amesimama mlangoni na kofia mkononi, amekataa kuondoka mpaka niandike. Kwa hiyo naandika.

Yeremia amefariki jana. Tumemzika jana hiyo hiyo jioni. Ladislaus hakuwahi.

Jana asubuhi macho ya Yuliana yalikuwa ya njano. Nikamfunga kifuani nikamkimbiza hospitali. Yeremia nikamwacha kwenye boksi na chupa sita, Hamida akakaa naye abadilishe maji. Mama mkwe alikuwa amelala chumbani kwake na homa, hata hakujua. Halafu maji ya bomba yakatoka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Unaijua Newala, maji yakitoka yametoka. Hamida akaona chupa bado za moto, akasema achote ndoo mbili arudi. Foleni ikamshika. Simlaumu, alikuwa ananichotea mimi maji ya kupasha.

Niliporudi nilimtoa, nikamtia kifuani pamoja na mwenzake, nikakimbia nao wote wawili barabarani kifua wazi, watu wananitazama. Daktari alisema watoto wadogo vile huondoka kwa mambo mengi, si baridi tu, nisijihukumu. Ni mtu mwema. Lakini mimi nilizishika zile chupa, Baba.

Barua yako ilikuwa mfukoni Jumanne. Jumanne Yeremia alikuwa hai, alinyonya vizuri, alipiga chafya mara mbili. Ninaliandika hili kwa sababu nisipoliandika litanisonga. Ungempa Basil ile barua ningezivunja zile chupa zote.

Yuliana ninaye kifuani. Sijalala tangu juzi, naogopa nikisinzia nitamwangusha. Unauliza kama nakutaka. Nimebaki na mtoto mmoja na nimechoka. Usiandike tena. Njoo.

Huruma

*

Newala,
14 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Ulifika salama? Basil alisema ulishuka kwa miguu yako na ukakataa kushikwa mkono, nikajua mzima. Mama mkwe anakusalimu, kikohozi kimekwisha kabisa na maneno yamerudi yote. Ladislaus amemaliza mkataba, yuko nyumbani, anakushukuru.

Yuliana ana kilo tatu. Tatu, Baba! Nesi amesema sasa anaweza kulala kitandani na blanketi, analo joto lake mwenyewe la kuzuia. Nimelitandika lile la mama. Asante kwa kulileta tena.

Yale niliyoshindwa kukuambia ulipokuwa hapa nayaandika sasa. Siku ulipofika ulisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Nilikuwa nasubiri uombe msamaha ili nikunyime. Ulimgeuzia mama mkwe mgongo kwa heshima, ukavua shati. Kifua chenyewe mifupa na mvi. Nikakuwekea Yuliana bila neno, maana hata ningesema usingesikia. Mikono yako uliiweka mbali, ukaogopa kumgusa, nikanyoosha yangu nimdake. Halafu ukalia kwa sauti, na wewe huijui sauti yako ilivyo kubwa, majirani wote walisikia. Yuliana alilala usingizi. Nami nikaenda nikalala muda wa saa kumi na moja, mara ya kwanza.

Ulimbeba wiki sita. Hukuomba kupumzishwa hata siku moja, na magoti yale.

Sijakusamehe yote, Baba. Siwezi kukudanganya. Ikifika Jumanne na nikasikia honi ya Basil, naufunga mlango mpaka apite. Na mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa hiyo tuko wawili darasani.

Lakini jambo moja. Hapa mtaani wameanza kuniita Mama Yuliana. Wanadhani wananionea huruma. Nimewakataza. Mimi ni Mama Yeremia, na atakayeniita vinginevyo sitaitika. Nikamkumbuka mama. Miaka yote ile amekaa na jina la mtoto wa pili, na la kwanza amelimeza, kwa sababu yako. Alikufa nalo kooni. Hilo ndilo linaniuma kuliko hata barua ya Jumanne.

Cecil amelazwa wapi? Niambie. Nikipata nguvu nitakuja na Yuliana, tupasafishe.

Mama Yeremia

*

Chiwata,
21 Agosti 2024

Mama Yeremia,

Marahaba, mwanangu. Nilifika salama, asante. Mikorosho michache imeungua maua kwa ukungu kwa sababu sikupuliza salfa. Iache iungue.

Umesema kweli yote na sina la kujitetea. Nilimnyima mama yako jina lake. Hayo nitamwambia mwenyewe nikimkuta.

Cecil amelazwa nyuma ya shamba la zamani la bibi yako Sabina, chini ya mkorosho wa tatu kutoka barabarani. Sikuwahi kurudi pale. Jana nilikwenda na jembe. Ilinichukua asubuhi nzima kupaona, majani yamefunika, nikapajua kwa jiwe aliloliweka bibi yako mwenyewe. Nimepalima. Nimechanganya saruji kidogo, nimeandika jina kwa msumari kabla haijakauka.

Nilipomaliza nikavua shati nikalala pale kifudifudi. Udongo ulikuwa baridi sana mwanzoni. Baadaye chini yangu pakapata joto, nikaendelea kulala tu. Somo nalijua, joto halirudi likishatoka. Sikutaka lirudi.

Basil alinikuta narudi barabarani, kifua na suruali vyote udongo mtupu. Akanipigia kelele sikioni, "Mwalimu, umeanguka?" Nikamwambia hapana, nilikuwa nimembeba mtoto.

Njoo na Yuliana. Mvalishe kofia.

Baba Cecil